Dada wa kuku, kabla hujalipia programu ya maandishi soma hii kwanza

Swali la dada mfugaji wa Morogoro nalifupisha ili na wengine wafuate. Anafuga kuku wa kienyeji na chotara, anaandika kwanza atakachosema ndio anarekodi, anaposti video za kama dakika moja TikTok, Instagram na YouTube, anataka maneno anayoongea yatokee kwa maandishi sababu wateja wake wengi wanaangalia wakiwa kwenye daladala sauti wamezima, na yuko mmoja kiziwi ambaye ananunua vifaranga kwake kila msimu. Kajaribu programu tatu kwenye simu yake ya Tecno. Moja haina Kiswahili kabisa, ya pili inaandika "vitu vya ajabu ajabu", ya tatu ina nafuu ila inataka dola kila mwezi. Anauliza ailipie hiyo ya tatu au kuna ya bure inayojua Kiswahili vizuri. Mwishoni kauliza pia afanye nini na video za zamani.

Usilipie kwanza dada. Sio kwamba kulipia ni vibaya, mi mwenyewe nalipia vitu kadhaa kwa ajili ya kazi, ila naona unatafuta kitu ambacho hakipo. Unatafuta programu inayosikia Kiswahili vizuri mpaka uiachie kazi uende zako kwa kuku, na hiyo haipo ya bure wala ya kulipia. Zote zinakosea, tofauti ni inakosea wapi na kiasi gani. Sasa kama zote zinakosea, muda wako mwingi hautaenda kwenye kusubiri iandike, utaenda kwenye kurekebisha ilichoandika, kwahiyo swali la kuuliza programu yoyote ni hili: nikikuta kosa nalirekebishaje na inanichukua muda gani? Hapo ndio utaona programu nyingi zenye matangazo ya kuvutia zinaanguka.

Ngoja nieleze kwanza kwanini Kiswahili kinateseka, maana ukijua sababu utajua na pa kuziba. Hizi mashine zinajifunza kwa kusikiliza sauti nyingi zenye maandishi yake pembeni. Chukua Whisper, ile mashine ya kusikia na kuandika ya kampuni ya OpenAI waliyoitoa Septemba 2022, ambayo siku hizi imo ndani ya programu na tovuti nyingi sana za sabtaito (haya maandishi ya kwenye video) hata kama jina la juu ni lingine. Toleo lile la kwanza lilifundishwa kwa masaa 680,000 ya sauti. Unaweza kusema eeh ni mengi, lakini sauti za lugha nyingine zenye maandishi ya lugha hiyohiyo zilikuwa masaa 117,000 tu, na hayo yanagawanwa na lugha 96, na Kiswahili humo hatukuwa kwenye foleni ya mbele. Ni hivohivo kila sehemu. YouTube walianza maandishi ya kujiandika yenyewe mwaka 2009 kwa Kiingereza peke yake, TikTok walipoleta yao Aprili 2021 walianza na Kiingereza cha Marekani na Kijapani. Google waliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti Agosti 2017, hiyo nitairudia maana itakusaidia.

Halafu baadhi ya sauti za Kiswahili wanazofundishia ni za watu wanaosoma. Kuna mradi wa Mozilla unaitwa Common Voice, watu wanajirekodi wakisoma sentensi, kazi nzuri sana na Kiswahili kimo, lakini mtu anayesoma sentensi amekaa chumbani kwa utulivu hafanani na wewe umechuchumaa bandani unasema "sasa jamani hapa mi huwa na-mix hii starter na pumba kidogo, sio nyingi, si unaona eeh" huku jogoo anawika nyuma. Mashine ikiwekwa Kiswahili inashangaa "starter" ni nini, ikiwekwa Kiingereza ndio basi tena. Na sisi hatuchanganyi tu maneno, tunayaoanisha kabisa, "nime-order", "wameni-dm", neno nusu huku nusu kule. Hapo hata ya kulipia inatoa macho.

Makosa mengine ni ya kuchekesha, hayo yaache. Kuna makosa yasiyochekesha na ndio nataka uyaogope. Kwenye Kiswahili kukataa mara nyingi kunabebwa na herufi moja mwanzoni. Wewe unasema "kuku akichanjwa mapema hataugua kideri", umeongea harakaharaka, ile h imemezwa, mashine inaandika "kuku akichanjwa mapema ataugua kideri". Umeona hapo? Herufi moja imedondoka na umewaambia watu chanjo inaleta ugonjwa. Na ukiisoma haraka huioni, sababu wewe unajua ulichosema na macho yako yanasoma ulichosema, sio kilichoandikwa. Mtu wa kwenye daladala bila sauti atasoma kilichoandikwa. Yule mteja wako kiziwi pia atasoma hichohicho na hana pa kuhakikisha.

Kwahiyo kwa video zako kuna sehemu tatu za kukagua kwa kidole, neno kwa neno, hata kama kwingine umepitisha. Kukataa kote (ha-, hatu-, hawa-, si-). Namba zote, bei, siku za chanjo, idadi ya matone, "laki" usishangae ikawa "lakini", na "mia tatu" na "mia tano" zinagombana kila siku. Na majina ya magonjwa, dawa na chakula, kideri, gumboro, ndui, haya mashine haiyajui, itaandika chochote kinachofanana. Namba ziandike kwa tarakimu, "8,500" inasomeka haraka kuliko "elfu nane na mia tano" na inakula nafasi ndogo.

Sasa jinsi ya kuchagua. Chukua video yako moja ya zamani, sio ile uliyoongea vizuri, chukua ya kawaida kabisa yenye jogoo na Kiingereza kidogo na bei. Kata dakika moja. Ipitishe kwenye kila programu unayoifikiria, kisha hesabu vitu viwili tu, maneno mangapi yamekosewa na umetumia dakika ngapi kuyanyoosha yote mpaka ungeweza kuposti. Andika kwenye karatasi. Mara nyingi utashangaa, ile iliyokosea maneno 15 unaweza kuimaliza haraka kuliko ile iliyokosea 9, kwa sababu ya kwanza inakuonyesha maandishi yote kama ukurasa unagusa neno unaandika juu yake, ya pili inakulazimisha ufungue kila kipande cha maandishi, ubonyeze kipenseli, usubiri, ufunge, ufungue kingine, na ukigusa vibaya muda unahama. Hiyo ndio tofauti ninayoisema, na haiandikwi kwenye tangazo lolote.

Wakati unajaribu angalia na mambo haya. Je inakuruhusu kuunganisha vipande viwili na kukata kimoja kuwa viwili bila kuharibu muda? Je kuna sehemu ya kutafuta neno na kulibadilisha kote kwa mara moja, maana kama imeandika "kinderi" mara sita hutaki kuifukuzia moja moja. Je ukishafanya mabadiliko ukafunga simu, ukirudi yapo? Simu zetu za RAM ndogo zinaua programu ikiwa nyuma, na kazi ya nusu saa inapotea kisa mtu amekupigia.

Na la muhimu kuliko hayo yote, je inakutolea faili? Hapa ndio nakaza sauti. Sabtaito za kawaida zinakaa kwenye faili ya SRT, ambayo ni maandishi matupu tu, hata kwenye notepadi inafunguka, na kipande kimoja kinakaa hivi:

4
00:00:09,200 --> 00:00:12,300
Vifaranga wa wiki moja
wanataka joto la kutosha

Namba ya kipande, muda wa kuanza na kuisha, maneno, kisha mstari mtupu, basi. Sekunde zinatengwa kwa mkato sio nukta, ukiweka nukta baadhi ya sehemu zitaikataa faili yako na hazitakwambia kwanini. Ukiwa na hiyo faili umeshika kazi yako mkononi. YouTube inapokea, Facebook inapokea, VLC, ile programu ya kuangalizia video kwenye kompyuta, inaionyesha ukiipa jina sawa na la video. Ukiwa huna, maandishi yako yamefungiwa ndani ya programu ya mtu, na hiyo programu ikipandisha bei au ikihamishia kitufe chako kwenye upande wa kulipia, umekwisha. Au ikiondoka kabisa. Januari 2025 watu wa Marekani waliamka CapCut, ile programu ya kukata video, haifunguki, ilizimwa pamoja na TikTok kwasababu zote zilikuwa za kampuni ya ByteDance ya China na sheria ya Marekani ya kuzizuia ilikuwa imefika siku yake. Ilirudi, lakini fikiria mtu mwenye kazi za wateja zimekwama humo ndani.

Maana CapCut najua umeijaribu, kila mtu kaijaribu. Maoni yangu: kwa kukata video, kuweka muziki na kupamba maandishi ni nzuri kweli, na kwenye simu sioni inayoizidi kwa urahisi. Kwa kusikia Kiswahili fungua orodha ya lugha kwenye simu yako uangalie kama kipo leo, hizi orodha zinabadilika na toleo la simu halifanani na la kompyuta. Kama Kiswahili hakipo usichague lugha nyingine "inayofanana" ukitegemea bahati. Nishaona watu wanaweka Kiindonesia kisa irabu zinafanana, inatoa uchafu mtupu halafu unarekebisha kila neno, bora ungeandika mwenyewe toka mwanzo.

Na hilo la kuandika mwenyewe usilidharau. Wewe umesema unaandika kwanza utakachosema kabla ya kurekodi, si ndio? Basi maneno tayari unayo! Huna shida na programu ya kusikia hata kidogo, shida yako ni kupanga muda tu, yaani kila sentensi ianze na kuisha wapi. Video ya sekunde 60, kila kipande kikikaa sekunde mbili na nusu, ni vipande 24. Unabandika, unavuta mwanzo, unavuta mwisho, unaenda kinachofuata. Mara za kwanza itakuboa, ukizoea mkono unaenda wenyewe, na hakuna kosa la h kudondoka kwasababu hakuna mashine iliyosikia chochote. Kama sio mtu wa kuandika kabla, weka video kwenye spika, chukua simu nyingine, fungua kibodi ya Gboard kwa Kiswahili, bonyeza maiki, halafu wewe rudia kwa sauti yako mwenyewe kile kilichosemwa, polepole, bila jogoo. Ndio ile ya Google ya 2017 niliyosema. Sauti moja safi, sentensi fupifupi, inapata vizuri kuliko kuipa video nzima yenye kelele. Ni ya bure na hailali na kazi yako.

Una laptopu? Hukusema. Kama unayo ya Windows, hata ya kuazima kwa mdogo wako anayesoma, kuna programu ya bure kabisa inaitwa Subtitle Edit na kwa kazi hii ndio ningekuwekea mimi kama ungekuwa umekaa hapa pembeni yangu. Haina mbwembwe, sura yake ya kizamani, lakini kurekebisha ndio kazi yake, unaona orodha yote upande mmoja, video upande wa pili, mawimbi ya sauti chini, unatafuta na kubadilisha neno kote, unaingiza maandishi uliyoandika kabla, unatoa SRT. Na humo ndani unaweza kuiita Whisper ikaandika yenyewe kwenye kompyuta yako bila intaneti, bando linaliwa siku ya kudaunilodi tu.

Ukifika hapo kwenye Whisper utaulizwa saizi ya mashine utakayodaunilodi. Kuna tiny, base, small, medium, large. Kwa Kiingereza ndogo zinatosha, kwa Kiswahili usipoteze muda na tiny wala base, zinaandika Kiswahili kama mgeni aliyeshuka airport asubuhi. Anza na medium, ni kama GB 1.5 kwenye diski, large inakaribia GB 3 na ndio inasikia vizuri zaidi, ila laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya picha (GPU) itakusubirisha mpaka uende ukalishe kuku urudi. Sio tatizo, iache ifanye. Sehemu ya lugha chagua Kiswahili kwa mkono usiiache itambue yenyewe, maana inatambua kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo, na wewe unaanza na "hello hello my people karibuni tena", ikiamua ni Kiingereza video nzima imeenda. Angalia pia isiwe imewekwa kutafsiri, maana ikiwekwa hivo inakupa Kiingereza tu, haitafsiri kwenda lugha nyingine yoyote.

Tabia yake nyingine mbaya, kukiwa kimya au muziki mtupu huwa inabuni. Inaandika maneno ambayo hakuna mtu amesema, mara "asante kwa kutazama", mara sentensi moja inajirudia mara kumi. Dawa yake ni rahisi, weka maandishi kabla ya kuweka muziki. Kata video, toa sauti yako peke yake, tengeneza sabtaito, halafu ndio upakie muziki. Watu wengi wanafanya kinyume wanamaliza video yote na bongofleva nyuma ndio wanaipeleka kwenye programu ya sabtaito, hapo unaiomba isikilize watu wawili kwa wakati mmoja na mmoja wao anaimba.

Hii ya kutoa sauti peke yake inakuokoa na bando pia. Programu nyingi za simu haziandiki kwenye simu yako, zinapeleka kwenye kompyuta zao huko ng'ambo zinarudisha majibu. Video ya dakika moja ya HD inaweza kuwa MB 100 na zaidi, sauti yake peke yake kwa ubora wa 128 kbps haifiki hata MB moja. Kama programu inapokea faili ya sauti, mpe sauti. Na kwa kuwa inaenda kwenye kompyuta za watu, video ambayo mteja anaonekana au anataja namba yake ya simu usiipeleke hovyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo ni adabu tu.

Swala la hela sasa. Ukishafanya ule mtihani wa karatasi ukaona ile ya tatu ya dola kweli inakupunguzia muda wa kurekebisha, lipia, lakini lipia mwezi mmoja usilipie mwaka hata wakikuwekea punguzo la kukupagawisha. Angalia kabla kama unacholipia ni kusikia Kiswahili au ni kuondoa nembo yao tu na kupata fonti nyingi, maana nyingi injini ya kusikia ni ileile kwa bure na kwa kulipia. Majaribio ya siku saba bure yanataka kadi, na siku ya nane inajikata yenyewe, kwahiyo tumia ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu unayoiwekea kiasi unachotaka, na uweke alamu siku ya sita. Na hizi "Pro ya bure" zinazotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, faili ya kuinstoli yenyewe, dada achana nazo kabisa. Simu hiyohiyo ndio ina M-Pesa yako na akaunti zako zote za biashara. Hela ya ziada ukipata nunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Siongezi chumvi, maiki ya kubana itapunguza makosa ya sabtaito kuliko kuhama programu, sababu mdomo uko karibu na maiki na jogoo yuko mbali.

Haya, sasa tuseme maneno yako ni sahihi. Yanakaaje kwenye skrini? Hapa templeti nyingi zinakudanganya. Zimetengenezwa kwa Kiingereza, neno moja moja linaruka katikati na rangi. Kiswahili neno moja ni sentensi nzima, "hawatakuuzia" ukiliweka kwa herufi kubwa kwenye simu linagonga kuta zote mbili. Na kuna wanaokwambia hesabu maneno kwa dakika, BBC kwa mfano wanasema 160 mpaka 180, ila hiyo ni kwa maneno yao mafupi. Sisi tuhesabu herufi. Netflix kwa Kiingereza wanaruhusu herufi 42 kwa mstari na mistari miwili, lakini hiyo ni skrini iliyolala. Kwa simu iliyosimama mi naweka herufi kama 20 mpaka 25 kwa mstari, mistari miwili basi, na kasi ya herufi 15 hivi kwa sekunde. Ule mfano wa vifaranga hapo juu una herufi 46 na nafasi zake, umepewa sekunde tatu na kitu, mtu anasoma na bado anapata muda wa kumwangalia kifaranga.

Na uukate mstari panapokatika maneno. "Vifaranga wa wiki / moja wanataka joto la / kutosha" inachosha hata kama hujui kwanini. "Vifaranga wa wiki moja / wanataka joto la kutosha" inasomeka yenyewe. Usiache "ya", "la", "wa" ikining'inia mwisho wa mstari. Programu zinakata kwa hesabu ya herufi hazijui hayo, hii ni kazi yako.

Rangi nyeupe yenye kivuli au boksi jeusi nyuma, imetosha. Manyoya ya kuku wako ni meupe na pumba za maranda ni za njano, ukiweka nyeupe tupu au njano tupu inapotea. Fonti za madoido zijaribu kwanza kwa neno lenye ng', zingine zinakuwekea kiboksi pale kwenye alama na "ng'ombe" inakuwa kituko. Usiweke maandishi chini kabisa, kule TikTok na Instagram wanaweka jina lako na maelezo, na kulia kuna vitufe vya kulaiki. Robo ya chini iache wazi, panda juu kidogo. Hakikisha kwa kuiposti ikiwa ya faragha uione kwenye simu kabla watu hawajaiona.

Kuhusu huyo mteja wako kiziwi nimefurahi umemtaja, maana wengi wanaweka maandishi kwa ajili ya "views" tu. Kwa viziwi wengi hapa Tanzania lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama, Kiswahili cha kuandikwa ni cha pili, kwahiyo sentensi fupi, zikae muda kidogo, na usiandike kila "yaani" na "eeeh" uliyotamka. Halafu andika sauti zenye maana. Ile video yako ya kuku mwenye mafua, umemsogezea simu unasema "msikilizeni anavyopumua", hapo mtu asiyesikia hajapata kitu, somo lote lipo kwenye ile sauti. Weka mabano uandike [kuku anakoroma akivuta pumzi]. Hakuna programu itakuandikia hiyo, hata ya dola mia. Kama unaweza muulize yeye mwenyewe akuangalilie video moja akwambie wapi imempita, atakusaidia kuliko mimi.

TikTok na Instagram yachome maandishi ndani ya video yenyewe, ndio yataonekana kwa kila mtu bila kubonyeza kitu. YouTube, pakia video isiyo na maandishi na uweke SRT pembeni, mtu anaweza kuyakuza, kuyazima, na YouTube inaweza kuyatafsiri kwa anayetaka. Kama hiyo ni kazi mara mbili kwako, choma kote, sitakulaumu, ila SRT itunze kwenye Google Drive na jina la video.

Video za zamani sasa. Usianze kuzirudia zote, utachoka wiki ya kwanza na mpya hutatoa. Chagua zile za chanjo na za dozi za dawa, maana hizo mtu akikosea kusoma kuku wanakufa, na zile mbili tatu ambazo watu bado wanaziulizia kwenye maoni. Za YouTube huhitaji kuposti upya, ingia YouTube Studio, sehemu ya manukuu, pakia SRT kwenye video ileile na views zako zinabaki. Za TikTok itabidi uzichome na kuposti mpya, usiifute ile ya zamani, ongeza tu maoni ya juu kwamba yenye maandishi ipo. Za kuchekesha, jogoo anayemfukuza shemeji na kadhalika, ziache zilivyo, hizo hazihitaji neno hata moja.